Kimefungwa kwa Amri ya Kusnan

Katika ghorofa ya pili ya soko la Genteng, jijini Surabaya, Kusnan alijulikana kwa ubishi mmoja: hakufunga kisanduku chochote cha kuendeshea mitambo alichokitengeneza. Mafundi wenzake walifunga vyao kwa neno la siri, kama watu wenye akili timamu, ili mteja akiharibikiwa asiwe na pa kwenda ila kwao. Kusnan aliacha ubavuni mwa kila kisanduku tundu la nyaya tatu: wa kusema, wa kusikia na wa ardhi. Yeyote mwenye kompyuta angechomeka, angefungua dirisha jeusi la amri, angeandika, na kisanduku kingemjibu.

"Siku nikifa," alikuwa akisema, "kamba wa watu wasinifuate kaburini."

Visanduku hivyo viliendesha magurudumu ya kupiga maji katika mabwawa ya kufugia kamba kule Sidoarjo. Siku ya mawingu magurudumu yakisimama, kamba hukosa hewa kabla mwenye bwawa hajamaliza kutukana.

Wateja waliletwa na Mardiyo, rafiki yake tangu ujana. Mardiyo hakuwa na mikono ya kazi, lakini alikuwa na mdomo, na urafiki wao ulisimama juu ya mgawanyo huo bila manung'uniko. Kusnan alipoanza kulazwa na jongo, maumivu ya viungo vya miguu, Mardiyo alimjia na sahani ya lontong kupang, wali wa kubanwa na kome wadogo.

"Cak, kaka yangu, nipe ile programu yako ya visanduku. Wewe ukilala na miguu yako, hao watu watahudumiwa na nani?"

Kusnan alimpa kabla sahani haijaisha. Baadaye alikuja kukumbuka kwamba katika miaka yote ile, hicho ndicho chakula pekee Mardiyo alichowahi kumnunulia.

Asubuhi moja yenye mawingu mazito, Bu Muntamah, yaani Mama Muntamah wa Sidoarjo, alipiga simu. Umeme ulikatika, umerudi, magurudumu hayajarudi. Mardiyo yuko arusini mjini Madiun na simu yake haipatikani. Kusnan alifunga miguu yake bandeji, akapanda pikipiki.

Ukingoni mwa bwawa walikuwa wamejaa majirani. Bu Muntamah, mwenye bwawa, hakumkaribisha hata maji.

"Umefika, Cak. Haya, litoe hilo neno lako."

"Neno gani, Bu?"

"La siri! Mas Mardiyo alishatwambia. Umeagiza visanduku vyote vifungwe, unaogopa kuibiwa kazi. Umeme ukikatika lazima aje yeye kuliandika."

"Mimi nimeagiza?"

"Na tulikutetea," alidakia Dul Wahab, kaka yake Bu Muntamah. "Tukasema ni uzee tu."

Kusnan alichuchumaa, akafungua kompyuta yake, akachomeka waya. Dirisha likabaki jeusi. Akautazama mkono wake: alikuwa ameunganisha wa kusema na wa kusema, midomo miwili ikiongea bila sikio, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alibadilisha. Sasa zikamiminika alama ovyo ovyo, kama mchwa waliokanyagwa. Kumbe hata kasi ya mazungumzo ilikuwa imebadilishwa. Alijaribu kasi moja, ya pili, ya tatu, mpaka herufi zikajipanga.

Mistari ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, na salamu aliyoiandika zamani kwa Kijava, lugha yao: karibu, keti. Chini yake palikuwa na mstari asioufahamu.

Kimefungwa kwa amri ya Kusnan. Neno la siri?

Vichwa vilikuwa vimeinama juu ya bega lake. Walisoma pamoja naye.

"Si ndiyo hiyo," alisema Dul Wahab. "Jina lako hilo, au la babu yangu?"

Njia ya kukiruka kisanduku ilikuwepo, ila ilitaka fundi umeme na nusu siku, na kamba walishaanza kupanda juu ya maji, ndevu zikitikisika. Ilikuwepo njia nyingine. Kisanduku kikiwashwa husubiri kidogo kabla ya kuanza kazi. Fundi akibonyeza kitufe katika upenyo huo, kinasimama na kumtii. Kusnan aliuacha upenyo huo alipokuwa akiandika mstari wa kwanza. Mardiyo hakuufuta kwa sababu hakujua ni wa nini.

Aliona wazi bei yake. Akisema hajui, ataondoka na jina safi na bwawa litakuwa supu. Akikifungua, atakuwa amekiri mbele ya mtaa mzima kwamba yeye ndiye aliyekifunga.

"Bu, zima umeme. Nikisema washa, washa."

"Ulikuwa unangoja nini siku zote?"

"Washa."

Alibonyeza. Kisanduku kikasimama, kikatii. Akaifuta ile kufuli, akaandika amri ya mwisho, na magurudumu yakaanza kurusha maji meupe. Watu walishangilia.

"Kwa hiyo ufunguo ulikuwa nao," alisema Bu Muntamah.

"Si ufunguo, Bu. Ni njia niliyoiacha tangu mwanzo, kwa ajili ya—"

"Nani mwingine anaijua?"

Hakuna aliyeijua. Kusnan alikuwa tayari kuwafundisha wote pale pale, lakini hakuna aliyekuwa tayari kufundishwa.

Simu ya Bu Muntamah iliita; Mardiyo alikuwa amepata ujumbe wao kwamba Kusnan ameitwa. Aliiweka kwa sauti ya wote.

"Amefungua?" aliuliza Mardiyo, muziki wa arusi nyuma yake. "Si niliwaambia? Mtu mzuri yule. Mnabembeleza tu."

Kusnan aliomba simu.

"Diyo."



"Eh, Cak! Miguu inaendeleaje?"

"Inatembea," alisema Kusnan, akairudisha simu.

Bwawa la pili lilikuwa la mpwa wa Bu Muntamah, kwenye njia nyingine ya umeme ambayo haikukatika asubuhi hiyo. Magurudumu yalikuwa yanazunguka vizuri, nayo yangezunguka mpaka umeme wa huko nao ukatike. Kusnan alichechemea hadi pale, akachuchumaa kwa taabu, akakitafuta kisanduku kati ya majani ili akiondolee kufuli mapema. Majirani wakamfuata nyuma, kumwona akikiri tena.