Dobi aliyelikataa gari la wafadhili

Saa moja na nusu asubuhi, pasi ya mkaa imeshika moto na shati la kwanza limetandazwa mezani. Dobi anabana kola kwa vidole huku midomo ikimtembea. Anasema maneno ya watu wawili wanaogombana. Nyuma yake, uani, watu wawili wanagombana kweli.

"Mwambie huyo aondoe ndoo yake njiani," anasema mama yake, akiutazama ukuta.

"Mwambie huyo, baba alikuwa wetu sote, na njia ni yetu sote," anajibu mama yake mkubwa kutoka mlango wa pili.

Dobi hamwambii mtu kitu. Anaisogeza ndoo kwa mguu, anarudi kwenye kola.

Mtaani wanamwita Ekshen. Ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Kazi ya filamu aliijua kwa kumbebea waya mpiga picha wa harusi, na tayari ametengeneza filamu fupi mbili kwa simu yake, kabla kamera ya simu haijapasuka kioo. Ya tatu ndiyo inayomtoa machozi ya hasira.

Ni filamu ya dakika kumi na mbili. Dada wawili wanaishi ua mmoja. Mama yao alipofariki aliacha cherehani moja ya miguu. Mkubwa akachukua kichwa, mdogo akabaki na miguu. Tangu hapo hakuna anayeshona, wala anayemsemesha mwenzake.

"Sikuitunga," anasema Ekshen. "Kichwa kiko chini ya kitanda cha mama mkubwa. Miguu iko chumbani kwetu, mama anaanikia taulo. Mwaka wa kumi na moja huu!"

Cha ajabu, wote wawili wamekubali kucheza. Katika onyesho la mwisho kichwa kinapandishwa juu ya miguu yake, na mdogo anamwita mkubwa "dada". Mazoezini, mama yake Ekshen akilifikia neno hilo, anakohoa.

"Nitalisema siku yenyewe," anasema. "Hilo si neno la kuchezea."

Kwa nini asiliseme leo, bila kamera? Mama mkubwa anadakia kabla swali halijatua.

"Aniambie hapa uani, asikie nani? Aliniumbua msibani mbele za watu. Basi aniite dada mbele za watu."

"Mwambie huyo, aliyebeba kichwa usiku watu wamelala ni nani?"

Filamu hii ya kuchekesha ingeweza kusubiri, lau mama mkubwa angekuwa mzima. Moyo wake umepanuka. Kutoka mlangoni kwake hadi bombani lazima akae kitako njiani, na daktari hakumficha kitu. Ndiyo maana Ekshen alianza kubisha milango ya wenye fedha.

Wa kwanza alikuwa muuza magodoro. Alisema fedha ipo, ila mambo ya fedha huzungumzwa hotelini, jioni, na aje peke yake.

"Nikamwambia nitakuja na mama zangu wote wawili. Akakata simu. Mbwa yule!"

Kisha ikaja ofisi inayotoa ruzuku za sanaa. Walimweka miezi minne, halafu wakamwita kikaoni. Watu watatu, kiyoyozi, maji ya chupa, na mkalimani wa kumtafsiria mgeni mmoja ambaye muda wote alikuwa akichezea simu.

"Hadithi yako nzuri, dada," alisema mwenyekiti. "Lakini inafundisha nini?"

Kabla hajajibu, mwenyekiti alikwishamtungia mwisho mwingine. "Lije gari. Lilete cherehani mbili mpya, kila mmoja na yake. Mlangoni mwa gari tuweke nembo yetu. Hapo utakuwa umegusa uwezeshaji wa wanawake."

Fedha aliyoomba Ekshen ni sawa na ujira wa kupiga pasi mashati elfu nne. Kukubali gari moja tu, na fedha ingekuwa yake.

"Wakipewa kila mmoja cherehani yake," aliwauliza, "wataongea kwa sababu gani?"

Mmoja wao akauliza kama hadithi haina hata mgonjwa, maana fungu la afya lilikuwa bado halijaguswa.

Mgonjwa yupo. Ekshen akafunga mdomo.

"Niliona wanamnusa mama mkubwa," anasema, na pasi inagonga meza. "Yaani sisi hatuwezi kuchekesha mpaka tuumwe kwanza? Hatuwezi kugombana na kupatana mpaka aje mtu na gari kutuamua? Wanataka tulie, wao watufute machozi, na leso iwe na nembo!"

Jioni ile alipowasimulia nyumbani, mama mkubwa alicheka mpaka akashika kifua.

"We mtoto nawe! Waambie nina moyo mbovu. Niuze, upate kamera."

Mama yake Ekshen akaugeukia ukuta. "Mwambie huyo hauzwi."

Wiki iliyofuata ofisi ilipiga simu. Kama gari halimo, fedha haimo. Ekshen alijibu kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Sasa siku imepangwa: Jumamosi. Mpiga picha wa harusi atamwazima kamera tangu asubuhi hadi saa sita, kwani saa nane ana bibi harusi wa watu. Maikrofoni itafungwa kwenye mpini wa ufagio. Majirani wataketi uani wawe mashahidi, kama alivyotaka mama mkubwa.

"Fedha ije, isije, nawasha," anasema Ekshen. "Simsubirishi tena mama yangu mkubwa kwa ajili ya gari la mtu."

Anatandaza shati jingine. Mama mkubwa amejitokeza mlangoni, mkono kwenye fremu, anavuta pumzi.

"Muulize huyo, mkanda wa cherehani anao? Kichwa bila mkanda hakizunguki."

Mama anautazama ukuta wake.

"Mwambie ninao. Nilinunua mwaka juzi."

Mama mkubwa anainamisha macho kwenye ndoo.

"Mwambie..." anaanza, na hamalizi.

Ekshen ameisimamisha pasi kwa kishindo, mikono kichwani.

"Mnaona?" anafoka, macho yamemjaa maji. "Mnaona sasa? Na kamera sina!"