Mama Mkwe Ameitikia Shikamoo Yangu Mlangoni pa ICU

Admin naomba unifichie jina, mashemeji zangu wote wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa Usoke, tunalima tumbaku. Tangu niingie kwenye ukoo ule sijawahi kuamua kitu. Hata kuku nikitaka kumchinja, namuuliza kwanza kaka mkubwa wa mume wangu.

Mume wangu utumbo ulipasuka, tukamkimbiza Tabora mjini, akalazwa ICU hajitambui. Mishipa ya mikono ilikuwa imenywea, dawa ya kupandisha presha haipiti. Daktari akatuambia itabidi waingize mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, na hakutuficha: sindano inaweza kugusa pafu, na mpira unaweza kuleta maambukizi. Akauliza nani anasaini. Shemeji mkubwa akatazama viatu vyake. "Mke si yupo?" Siku hiyo ndiyo nikawa mke. Nikasaini.

Sindano ikagusa pafu kweli, ikabidi wamtoboe ubavuni kutoa hewa. Kwenye mkeka tunapokaa nje ya wodi nikapewa jina jipya, naitwa "mtoboaji". Wanakula wamenipa mgongo. Kila asubuhi nampigia mama mkwe magoti, "Shikamoo mama," ananitazama tu. Wifi yangu alinunua kaniki, nguo nyeusi ya wajane, akaniwekea mapajani: "Uanze kuizoea." Iliniuma jamani, nikalia mbele yao bila aibu.

Nesi aliniambia pafu kuguswa hutokea hata kwa daktari mzuri, na bila ule mpira mume wangu angekuwa ameshakufa. Nikawaeleza. Wifi akacheka.

Leo daktari katoka tena. Mpira umeingia wadudu, homa imepanda, lazima autoe aweke mwingine upande wa pili, upesi. Hatari ni zilezile. Nikamwambia shemeji, safari hii saini wewe. Akasema anamsubiri mjomba wao atoke kijijini Choma kwenye ng'ombe wake. Nikamgeukia mama mkwe, nikapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akaitikia, kwa sauti tamu ambayo sijaisikia tangu tufike hapa. "Haya, nenda kasaini."

Daktari ameenda kuandaa vifaa, akirudi anataka jibu. Nikisaini akafa, nimemuua mimi. Nisiposaini atakufa, na bado nimemuua mimi. Ndugu zangu mnaosoma, niambieni nifanye nini kabla mlango haujafunguliwa. Kaniki ninayo hapa mapajani.