Makubadhi Kwenye Foleni

Karani wa tikiti za mpira pale Kombani tulimwita Bi Harusi, maana mikono yake, wallahi, haikujua vumbi. Kila akichana tikiti alijifuta vidole kwa leso. Na ile sauti! Hata akikufukuza ungemwambia ahsante. Ijumaa ile ya mwaka hamsini na nne, Mzee Boga ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Alitoka Mkongani alfajiri kwa miguu, apate tikiti ya kumwona mwanawe akidaka langoni kwenye fainali huko Mombasa. Adhana ilipolia, karani alichungulia dirishani: "Wazee wangu, nendeni mkaswali. Acheni makubadhi yawashikie nafasi, nitayalinda mimi." Tukaenda pekupeku. Tuliporudi, gari la bwana mmoja wa mashamba ya Diani lilikuwa linaondoka, na tikiti zote zilikuwa ndani yake.

"Na mimi je, mwanangu?" Mzee Boga aliuliza.

"Zimekwisha, mzee wangu. Aliyesimama dirishani alikuwa yeye." Kisha karani alitoka, akainama, akayapangusa makubadhi ya mzee kwa leso ile ile, akamvisha. "Lakini tazama, hakuna aliyeyagusa."