Sadiq wa Getini

Harufu ya vumbi bichi, ile inayotoka kwenye kiyoyozi kikuukuu kikiwashwa mara ya kwanza, hunirudisha Najma, mtaa wetu wa Doha, popote nilipo. Nami nimekaa pengi. Lakini safari ndefu kuliko zote niliifanya nikiwa na miaka kumi na mitatu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili: basi kutoka Voi hadi Nairobi, kisha ndege mbili, baba akisinzia begani pangu. Mama, aliyekuwa muuguzi, alitutangulia Doha mwaka mzima. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, joto lilitupiga usoni kama mvuke wa sufuria. Baba akasema, "Mwakio, huku ugali utajipika wenyewe."

Baba alikuwa mtu wa machimbo ya mawe. Baruti ilimpofusha jicho la kulia na kuukausha mkono wa upande huohuo. Mkono ulining'inia tu. Hata chai ya moto ikiumwagikia hakujua mpaka aone. Doha hakupata kazi. Mama alishinda hospitalini, naye baba alitupikia, akibana kitunguu katikati ya magoti na kukikata kwa mkono mmoja. Kila adhuhuri alitembea juani hadi shuleni kuniletea chakula, kwa kuwa mkate wa pale aliuita sponji.

Mjini humo, mfanyakazi wa kigeni ambaye jina lake hulijui, wala huna haja ya kulijua, huitwa sadiq. Maana yake ni rafiki. Lakini sikuwahi kumsikia mtu akimwita hivyo rafiki yake.

Mwaka wetu wa pili, Bi Huda, mwalimu Msudani wa sayansi, alitufundisha habari za Waneandathali, watu wa kale waliokuwepo kabla yetu na kwa muda fulani waliishi pamoja nasi duniani. Alituonyesha picha ya mifupa iliyofukuliwa katika pango la Shanidar, kwenye milima ya kaskazini mwa Iraki.

"Tazameni," alisema. "Uso ulipondwa upande mmoja, huenda jicho hilo halikuona. Mkono wa kulia umenyauka. Lakini mfupa ulipona. Maana yake alizeeka akiwa hivyo. Sasa niambieni, nani alimlisha?"

Samir, aliyekaa nyuma yangu, hakungoja. "Wallahi, si yule sadiq wa getini huyu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Samir akanigusa bega. "Mwakio, yule anayekuletea bakuli, ni nani wako?"

"Mpishi wetu," nikasema.

Adhuhuri ile baba alikuwa pale pale getini, shati limeloa jasho, bakuli limefungwa kwa kitambaa. "Kijana wangu, leo kuna maharagwe ya nazi. Kula yangali moto." Samir alikuwa ubavuni mwangu, anasubiri. Nikapokea bakuli, nikasema, "Shukran, sadiq."

Kiarabu cha baba kilikuwa maneno matatu au manne, lakini hilo alilijua. Ndilo aliloitwa madukani kila siku. Alinitazama kwa lile jicho moja. "Haya, bwana mdogo," akasema, akaondoka. Jioni alinipakulia kama kawaida, wala hakumwambia mama. Tangu kesho yake, bakuli alimwachia mlinzi.

Vitabu vyetu vya shule vilisema watu wale wa kale waliisha bila kuacha kizazi. Miaka mingi baadaye, nikiwa kibarua Lusaka, nilisoma gazetini kwamba wataalamu wamegundua walizaa na watu wa aina yetu, na kwamba kidogo cha damu yao kingali ndani ya miili ya watu wengi walio hai. Niliisoma habari ile mara tatu, nimesimama. Nikalikumbuka swali la Bi Huda, ambalo siku ile sikulifikiria kwa sababu ya kicheko. Nani alimlisha? Na huyo mlemavu wa pangoni, yeye alimlisha nani? Hilo ningeweza kulijibu vizuri kuliko mwanafunzi yeyote darasani.

Kule Doha, mkataba wa mama ulipoisha, tuliondoka kurudi nyumbani moja kwa moja. Kwenye uwanja wa ndege, mama alipita kwanza. Ofisa akamtazama baba, akatazama viatu vyake, akampungia mkono asogee, akamwambia, "Sadiq, simama kando, hii familia ipite." Baba akasogea kando bila kuuliza, macho chini. Nilimshika mkono, nikamwambia ofisa kwa Kiarabu, kwa sauti, kwamba huyu ni baba yangu. Ofisa akainua mabega, akagonga mihuri, tukapita.

Tulipokuwa tukitembea kuelekea kwenye ndege ndipo nilipoona ni mkono upi niliokuwa nimeushika. Ulikuwa ule uliokauka, upande wa jicho lisiloona. Na nilikuwa nimesema kwa lugha asiyoielewa.

Niliazimia kumwambia tena, kwa Kiswahili, tukishaketi. Tulipoketi, alinifunga mkanda kwa mkono wake mzima, akaniuliza kama nina njaa.

"Hapana," nikasema. Safari nzima sikumwambia neno jingine.