Nakala Iliyogoma Kufunguka

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyojiona bingwa pale Mutsamudu. Ulikuwa wakati wa mgogoro wa kisiwa chetu kujitenga. Simu zilikuwa hazishiki, na boti ya kwenda Moroni, mji mkuu ng'ambo ya bahari, huenda ingekuwa ya mwisho. Programu yangu ndiyo iliyotunza hifadhidata ya wagonjwa wa zahanati moja. Mimi huyu, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu, niliandika kila mstari! Wagonjwa wengi walikuwa wamevukia Moroni, mama yangu miongoni mwao, na daktari wa kule alihitaji vipimo vyao vya insulini.

Nilipoanza kunakili hifadhidata niipeleke kule, karani wa zahanati akaniuliza, "Nisimame kwanza, nisiandike?" Foleni ilikuwa imemjaa mlangoni.

"Wee endelea tu. Mimi nanakili faili, sihamishi nyumba."

Boti ikanifikisha Moroni. Nikaenda mtaa wa Badjanani kwa Fundi Swalehe, mzee aliyetengeneza kompyuta kwenye kiduka chembamba. Mama alikuwa ananisubiri humo. Kipimo chake kilibadilishwa siku chache kabla hajaondoka, karatasi akaisahau nyumbani, na daktari hakuthubutu kukisia. Fundi akabonyeza. Faili ikagoma.

"Ulinakili huku watu wanaandika?"

"Ndiyo, Fundi, lakini programu yangu ni—"

"Programu yako! Umempiga picha mtu anayekimbia. Kichwa umeniletea, miguu umeiacha Mutsamudu."

Mama akacheka.

Tulifukua ile faili kipande kwa kipande hadi adhuhuri. Kipimo cha mama kikapatikana, alhamdulillahi! Vya wagonjwa tisa havikupatikana; ikabidi daktari aanze nao upya, na mmoja akalazwa. Huyo simsahau.

Basi nikawaka! Nikaandika njia ya kunakili hifadhidata ikiwa kazini: inachukua ukurasa baada ya ukurasa, na mtu akigusa kitu katikati, inarudi kuchukua upya. Kisha nikawaandikia wanaoitunza lugha ya kuandikia programu niliyoitumia: iwekeni kwenye maktaba yake ya msingi, yaani vifaa ambavyo kila anayeisakinisha lugha anavikuta tayari. Wakanijibu kwamba kila mtu anaweza kujiandikia yake. Nikawaambia, "Mimi nilijiandikia yangu, nikaleta kichwa bila miguu. Mwulizeni mama yangu." Miezi tukabishana. Siku waliyokubali nilipiga kelele kichochoroni mpaka majirani wakadhani nimepata mtoto!

Kwa hiyo, mwanangu, nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa nakala. Anayekuuliza "nisimame kwanza?" msikilize, hata kama wewe ndiye uliyeitengeneza mashine. Na ukipata dawa ya kosa lako, iweke mahali ambapo hata asiyekujua ataikuta.

Mungu akupe akili nyepesi na sikio zito kwa sifa, kazi ya mikono yako imfae mgonjwa usiyemjua. Amin.