Lugha Yenye Kinyaa

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanilaumu mbele ya safari. Tangu utotoni, kwetu Kalemie, kando ya ziwa, sikuweza kula bakuli moja na wenzangu. Bukari, ugali wetu wa kule, ikiwekwa katikati, mikono ikaingia, mmoja akalamba vidole kisha akaurudisha mkono uleule kwenye mchuzi wa dagaa, mimi niliuondoa wangu. Mama hakunigombeza. Alinitazama mdomo tu. Ukikunjika, alijua nimekwisha kushiba kabla ya kuanza. Mwishowe alininunulia sahani yangu mwenyewe, ya bati jeupe lenye ukingo wa buluu, na kila aliponipakulia alinichokoza mbele ya majirani.

"Weye mutoto, utaolewa na nani? Bwana yako atakushika mukono, utakimbia kunawa?"

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikula.

Naanza na sahani kwa sababu ndiyo njia niliyopitia hadi kuipenda lugha ya kompyuta. Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati ule tukiitana raia, mwanamume sitwayen na mwanamke sitwayene. Nilikuwa chuo kikuu, mbali na ziwa. Profesa wetu alileta kutoka Ulaya kompyuta mbili na sanduku la disketi zenye lugha mpya ya kuandikia programu. Lugha yenyewe ina jina la mwanamke, lakini humu sitaki kumtaja mtu kwa jina, basi naye nitamwacha. Ilitengenezwa kwa ajili ya ndege, treni na mashine ambazo kosa lake halifutwi kwa raba, kwa kuwa likitokea watu wanakufa. Utafiti wetu ulikuwa na swali moja: je, lugha ya namna hiyo inaweza kutumika katika nchi kama yetu, kwenye kompyuta ndogo, kwa kazi zetu wenyewe?

Wenzangu waliichukia. Unaandika ukurasa mzima, unaipa mashine iusome, inakurudishia makosa yako yamejipanga. Umejumlisha kilo na mita, inakataa. Umeahidi kwamba hesabu fulani haitazidi mia, ikafika mia na moja, programu inasimama palepale. Mwenzangu mmoja aliiita mama mkwe, maana hata chumvi ikikolea vizuri atauliza ni nani aliyeitia. Mimi nilikaa mbele ya lugha hiyo nikaona nimepata ndugu. Nchi nzima ilikuwa ikiishi kwa artikle kenze, kile kifungu cha sheria kisichoandikwa popote kinachomwambia kila mtu ajitafutie ajuavyo. Na hapa palikuwa na kitu kinachosema hapana, tena bila kuangalia uso wa mtu. Nilisema moyoni, hii nayo ina kinyaa.

Kwa kazi yangu ya kumaliza masomo nilichagua boti. Kulikuwa na boti moja ya chuma iliyotoka Kalemie kwenda Moba ikipitia Mpala, mali ya kampuni ndogo ambayo leo haipo tena. Mama aliipanda daima. Alipeleka chumvi na sabuni, akarudi na maharagwe ya milimani, na maharagwe hayo ndiyo yaliyonisomesha. Kila nilipomsindikiza niliona maji yamepanda ubavuni kiasi kwamba abiria wa pembeni angeweza kunawa bila kuinama. Nikamwambia profesa nataka programu itakayopokea uzito wa mizigo na wa watu, na boti ikijaa, ikatae. Alifurahi sana. Alisema kazi hiyo itanipa mimi diploma ya heshima, naye itampa safari ya Ulaya.

Sasa, ili programu ikatae, lazima iambiwe ikatae wapi. Ubavuni mwa boti palikuwa na mstari mwekundu wa kuonyesha mwisho wa shehena. Niliukwaruza kwa kisu ili nipime vizuri, nikakuta chini yake kidogo kuna mstari mwingine mwekundu, mkuukuu, na chini ya huo mwingine. Kumbe kila boti ilipopakwa rangi, mkurugenzi wa kampuni aliagiza mstari upandishwe, eti wa zamani umechakaa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa na mama yangu ndani. Nikaendelea kushuka kwa kidole mpaka nikagusa mshono wa chuma, uvimbe mwembamba uliochomelewa na wale walioiunda boti kuwa alama ya mwisho wa shehena. Huo hakuna brashi iliyoweza kuuhamisha. Nikaufanya kuwa kikomo katika programu yangu. Rangi nyekundu iliingia kwenye kucha, nikanawa kwa mafuta ya taa, na bado niliona uchafu.

Siku ya majaribio profesa alikuja mwenyewe. Tuliweka kompyuta katika biro, yaani ofisi ya kampuni, kando ya gati, na mkurugenzi akaagiza mishikaki ya mbuzi na bia kwa ajili ya kushangilia. Karani alisimama mlangoni, akatusomea uzito kutoka kwenye mizani, mimi nikaandika. Abiria walikuwa wamekwisha kuhesabiwa na kuingizwa kwenye programu. Wengi walikuwa wanawake wa biashara, wameketi gatini juu ya mafurushi yao, na Mama kati yao. Programu ilipokea chumvi, ikapokea saruji na mabati. Ilipofika kwenye kreti za bia za mkurugenzi, alizokuwa akizipeleka kwenye sherehe Moba, ilisimama. Kwenye kioo palitokea maneno machache: kikomo kimepitwa.

Mkurugenzi akaweka mshikaki chini. "Imekufa?"

"Hapana, Papa direktere. Inafanya kazi."

"Kama inafanya kazi, juu ya nini imesimama?"

"Kazi yake njo kusimama."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Basi toa wale wamama kwenye hesabu. Mutu si muzigo. Mutu anajibeba mwenyewe."

"Papa, boti inabeba wote."

"Si weye mwenyewe uliniambia ile luga yako inatenganisha watu na mizigo?"

"Inatenganisha kwa majina. Maji hayatenganishi."

Akamgeukia profesa, kama mtu aliyeuziwa saa isiyotembea. Profesa akaniinamia, harufu ya mbuzi ikanijia puani.

"Sitwayene, hiki kikomo ulikitoa wapi?"

"Kwenye chuma, profesa."

"Na ule mstari mwekundu?"

"Ule ulitoka kwenye brashi ya Papa direktere."

Profesa akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kujumlisha, kwamba swali la utafiti wetu ni kama lugha hii inaweza kutumika hapa, na programu inayoiacha boti gatini haitumiki. Mkurugenzi akadakia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akachukua mshikaki mwingine.

"Ongeza tu kikomo," profesa akasema. "Ni tarakimu moja."

"Siongezi. Mama yangu anapanda ile boti."

"Basi nipishe kwenye kiti."

Nilimpisha. Alikaa na mshikaki wake mkono wa kushoto. Akalamba kidole gumba, akakitumia kutafuta mstari wenye ile tarakimu, akaifuta, akaweka ya ule mstari mwekundu, kisha akazidisha kidogo ili, alisema, isitusumbue tena. Vibonye vya kibodi vikang'aa mafuta. Nikasubiri lugha yangu ikatae. Miezi yote ile ilikuwa ikinikatalia mimi kwa nukta moja iliyosahaulika. Ikasoma kazi yote kwa makini yake yaleyale, mstari kwa mstari, haikuona kosa lolote, ikapokea bia yote.

Nimeona mambo mengi ya kutia kichefuchefu maishani, lakini hilo bado linaongoza. Profesa hakunishangaza, watu wa namna yake tulikuwa nao kila biro. Lugha ndiyo iliyonichafua moyo. Nilidhani ina kinyaa, kumbe haina. Ililinda mpaka wowote iliopewa, uwe wangu au wa kidole chenye mafuta, kwa uaminifu uleule. Kinyaa kilikuwa changu peke yangu, na mimi nimekwisha kuondolewa kwenye kiti.

Nikatoka. Gatini walikuwa wameanza kupanda, na Mama amekwisha kuweka mguu mmoja kwenye ubao.

"Mama, shuka."

"Nishuke namna gani? Sabuni yangu iko ndani. Chumvi yangu iko ndani."

"Shuka, Mama."

"Ile mashini yako inasema nini?"

"Inasema iko sawa."

"Sasa?"

Mama akanitazama mdomo, vilevile alivyonitazama miaka yote mbele ya bakuli, kisha akautoa mguu kwenye ubao.

"Sabuni iende yenyewe," aliwaambia waliokuwa nyuma yake. "Miye sipande. Huyu mutoto njo miye nilimulisha. Ninajua sura yake kama chakula kimeoza."

Wanawake wale ndio waliokuwa wakinicheka kwa sababu ya sahani. Wakanitazama nao. Mmoja akaketi tena juu ya furushi lake, kisha mwingine, na waliokwisha kupanda wakaanza kuteremka wakiuliza kuna nini. Mkurugenzi akatoka mbio. Akatukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema atakayebaki hatapata nafasi tena. Hawakubishana naye, walikaa tu. Boti iling'oa nanga na bia yake na abiria wachache wasioweza kungoja. Niliangalia ubavuni: maji yalikuwa yamefika kwenye mshono wa chuma, hayakuuzidi. Kesho yake tukasikia imefika Moba salama.

Ningeweza kuishia hapo nikajisifu. Lakini profesa aliandika ripoti. Aliandika kwamba boti, ikiwa imejazwa hadi kikomo kipya kilichothibitishwa na kompyuta, ilisafiri bila shida yoyote. Hivyo kikomo kipya ni salama, na lugha hiyo inafaa kwa mazingira yetu. Ndani ya kompyuta hakuna aliyekuwa amewashusha wale wanawake. Kwa hesabu zake walisafiri wote, Mama pia, na mafurushi yao. Yaani kule kukataa kwao ndiko kulikoifikisha bia salama, na kule kufika salama ndiko kulikoupa ule mstari wa brashi cheti cha sayansi.

Aliniita chuoni, akanisogezea ripoti pamoja na kalamu. Ilikuwa na jina langu kama mwandishi wa kwanza.

"Weka saini, sitwayene. Diploma yako imekwisha kuandaliwa."

"Profesa, wale watu hawakuwamo."

"Uzito wao umo."

Nilitoka nje ya biro nikatapika kwenye maua ya chuo. Nilitapika kweli, si kwa mfano. Niliporudi niliisogeza ile kalamu kwa kucha, sikuishika, nikamwambia siwezi. Alishangaa kwa dhati, na hilo ndilo lililonimaliza. Alitia saini peke yake, akaenda Ulaya. Mimi nikarudi Kalemie bila diploma, nikafundisha hesabu shule ya sekondari mpaka nikazeeka.

Watu wakinisikiliza hungoja niseme boti ilizama. Haikuzama. Ilitembea na mstari ule mpya mpaka injini ikafa, ikaachwa kando ya bandari iliwe na kutu. Na hilo ndilo linalonikirihi zaidi kuliko mbuzi na mafuta yake. Walikuwa na bahati, wakaiandika kuwa elimu.

Siku niliyofika nyumbani mikono mitupu niliogopa macho ya Mama, maana yeye ndiye aliyekuwa amelipa minerval, karo yangu yote ya chuo, kwa maharagwe yake. Hakuuliza habari za karatasi. Alileta sahani yangu ya bati, ukingo wa buluu umebanduka, imefunikwa kwa kitambaa.

"Kula," alisema. "Hakuna mutu ameigusa."

Na hakuniuliza nitaolewa na nani.

Baada ya wiki chache alifunga tena sabuni na chumvi. Hakuaga nyumbani kama zamani. Alinichukua hadi gatini, na pale tuliwakuta wenzake wamekaa juu ya mafurushi, hata mmoja hajapanda, na mkurugenzi akizungukazunguka amenuna, hajapata nauli hata moja. Nikainama ubavuni mwa boti, nikapitisha kidole chini ya maji kuutafuta mshono, na nilipoupata nilipima kwa kiganja maji yaliyokuwa juu yake. Nilipoinuka, wote walikuwa wakinitazama mdomo.

"Leo je?" Mama akauliza.

Nikatikisa kichwa kukataa. Mama akakaa juu ya furushi lake, na mkurugenzi akaagiza watu waanze kushusha bia.