Mukebe ya Tomate Iliyotenganisha Samaki na Zahabu

Masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa primeri, na ninaandika hii bila haya. Wenye diplome walikuja Bunia wakapita, miye niko. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, radio ikinyamaza pale mjini, watu hawakuuliza ipelekwe wapi. Waliniletea tu, zingine vipande-vipande ndani ya mufuko, na zilirudi kwao zinaimba.

Lakini kazi ninayojisifia mpaka watoto wangu wananikimbia haiko ya radio za muziki. Ni ya foni. Simu hatukuwa nayo. Kila mufanyabiashara mukubwa alikuwa na foni, ile radio ya kuzungumuza mji kwa mji, na antena yake ya waya juu ya paa. Mama mumoja, mukubwa wa makayabu, samaki ya chumvi, alikuwa na yake ndani ya depo, katikati ya mifuko ya chumvi. Kila asubuhi dada, mudogo wake, alimwita kutoka Tchomia, kule ziwani: samaki imekauka ngapi, bei gani, kamio, lori yao, ipakie ao ingoje. Karatasi hapana, saini hapana. Ulijua sauti ya mwenzako, ukasema ndiyo, mambo imekwisha. Sauti usiyoijua, haukuijibu kitu, sababu kwenye foni kila mutu anasikiliza, na mwenye wivu anaweza kujifanya ndugu yako.

Kisha mununuzi mumoja wa zahabu upande wa machimbo ya Kilo akafunga foni yenye nguvu, kwenye frekanse, njia ya hewani, iliyopakana na yetu. Tokea siku ile Mama alisikia samaki na zahabu pamoja.

"Makayabu iko mingapi?" anauliza kwa mikro.

"Gramu tatu!" foni inajibu.

Siye tuliokuwa ndani ya depo tulicheka. Mama hakucheka: kamio mbili zilikuwa zimerudi tupu kutoka ziwani. Akaniita.

"Fundi, kuko injinieri ametoka Kinshasa. Anasema foni hii ni ya kutupa. Nitamupa yeye kazi yote, foni yangu na za wamama wenzangu."

"Mama, unipe mpaka Jumamosi."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, nitauza dagaa kando yako."

"Dagaa hauwezi. Una mudomo mingi, wateja watakimbia."

Nilicheka, lakini nikaanza kufungua foni palepale. Foni zote za sokoni nilizitengeneza miye. Zikienda kwa injinieri, ninabaki na radio za mufukoni.

Foni ya Mama ilichagua sauti kwa mabobini ya zamani ya waya wa kuviringishwa, makubwa kama mayai, na unyevu ulikuwa umeyachosha. Sasa, ndani ya radio ndogo muko filtri moja, chujio ya sauti, kama jino la mutoto, ya udongo wa kuchomwa. Umeme wa sauti ukiifikia, inatetemeka kama ngozi ya ngoma, lakini kwa kipimo chake tu. Kipimo kingine kinakufia pale. Moja peke yake ingekuwa mulinzi muvivu. Nikasema: nitaweka tano, mustari mumoja, pale pale palipokuwa na mabobini.

Nikatoa tano katika radio zilizokufa, zozote tu, nikaziunga. Kimya! Hata dada hakusikika. Nililala na hasira, nikaamuka na akili: hazikufanana. Mulinzi wa kwanza alimufungulia mutu, wa pili akamufukuza.

Nikachukua radio moja nzima na stesheni moja ya ng'ambo ya ziwa. Ninatia filtri moja, ninazungusha kifungo, pale sauti inapokuwa kali kabisa ninaweka alama ya kalamu ya kreyo kwenye kioo ya namba. Ninatoa, ninatia ingine. Siku mbili. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, aliwaambia majirani ninapima meno ya panya. Mumoja wao alikuja kuniuliza kama hayo mawe yana zahabu ndani. Alikuwa mutu wa Kilo, mumusamehe. Mwisho nikapata tano zenye alama moja. Nikazifunga ndani ya mukebe ndogo ya tomate, kusudi umeme wa inje usizisumbue, na mukebe nikaiunga ndani ya foni.

Jumamosi asubuhi depo ilijaa. Injinieri naye alikuja, na soksi nyeupe. Nikawasha. Zahabu imepotea kabisa! Dada akaita kutoka Tchomia, peke yake, safi. Nikaangalia watu kama mufalme.

Mama akashikilia mikro wazi mukononi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mudogo wako, Mama."

"Mudogo wangu hasemi ndani ya mutungi. Simujui. Simupi jibu."

"Yaya, mukubwa wangu, ni miye!" foni inalia.

"Hata wezi wanasema ni miye!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Injinieri akasema pole-pole, "Fundi, umebana sana. Umefungia zahabu inje, na nusu ya dada pia."

Iliniuma, sababu ilikuwa kweli. Sauti ya mutu ina upana, kama ng'ombe: miye nilijenga mulango wa kuku. Tumbo ya sauti ilipita, mbavu zikabaki inje, na ni kwa mbavu ndugu anakujua.

"Mama, umwambie mudogo wako angoje," nikasema. Nikatia chuma yangu ya kuungia ndani ya makaa ya jiko ya mulinzi wa depo, nikafungua mukebe juu ya mufuko wa chumvi, watu wananipumulia shingoni. Nikatoa filtri mbili, nikaweka mbili zingine nilizokuwa nazo mufukoni, zile alama zao zilikuwa pembeni kidogo, upana wa unywele tu. Mulango ukapanuka kidogo, lakini kizingiti kikabaki juu, zahabu isivuke.

Nikawasha. Zahabu: hapana. Na Tchomia:

"Yaya! Umenikana mbele ya watu wote wa ziwa! Nani alikuchotea maji ulipokuwa na surua? Nani alikuficha ulipovunja chungu ya baba? Aksanti yako ndiyo hii?"

Mama akapiga makofi mpaka kitambaa cha kichwa kikamuanguka.

"Ndiye! Matusi hii, mutu mwingine hana. Mudogo wangu, pakia! Pakia kamio yote!"

Foni za sokoni zikabaki kwangu, na zingine zikaongezeka. Injinieri aliinama juu ya mukebe muda murefu, akaniuliza hesabu nilipigaje. Jioni nikamupeleka kwangu, nikamuonyesha kioo ya radio na alama zake za kreyo. Akatoa kaye, daftari yake, mufukoni, akazinakili zote, moja moja, na miye nilimushikia taa aone vizuri.